Diwani wa Kumi na Moja

Mara ya kwanza Karani alihesabu madiwani kumi. Mara ya pili akahesabu kumi na mmoja, na kati ya hesabu hizo mbili hakuna mlango uliofunguliwa.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na nusu ya madiwani walikuwa wamekwama njiani. Ukumbi wa baraza la jiji ulinuka makoti mabichi. Kwa kanuni, kikao hakianzi mpaka madiwani kumi na mmoja wawe wameketi. Hiyo ndiyo akidi, na pungufu ya hapo lolote mtakalosema ni porojo tu.

"Karani, tuko wangapi?" Meya aliuliza huku akifuta miwani yake kwa tai.

"Kumi, mheshimiwa."

"Hesabu tena, mama. Taratibu. Leo kuna jambo la kisima, sitaki lilale tena."

Karani naye hakutaka lilale. Kisima chenyewe kilikuwa nyuma ya soko, cha zamani, kiko wazi, hakina hata ukingo. Miezi miwili nyuma mtoto wa mfagiaji wa soko alitumbukia humo akavunjika miguu yote miwili. Karani alikuwa na binti wa miaka mitatu, na tangu siku hiyo hakuweza kupita pale bila kujishika kifua. Basi akahesabu tena, kwa moyo wa mtu anayetaka hesabu itimie. Mstari wa mbele wanne. Wa pili watatu. Wa tatu watatu. Na kule nyuma kabisa, kando ya nguzo ambako taa ilikuwa imeungua, mtu mmoja kajikunyata ndani ya koti lililolowa chepechepe, kidevu kifuani.

Atakuwa diwani wa ile kata ya mbali, akajisemea. Huyo kawaida yake ni kuchelewa na kusinzia.

"Kumi na mmoja, mheshimiwa."

"Haya, Mungu ni mwema. Tuanze."

Kikao kikaenda mbio. Kisima kifunikwe kwa zege kesho yake asubuhi: wote ndiyo. Taka za mtaa wa viwandani, taa za barabarani, mbwa wanaozurura karibu na machinjio: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wakafika agenda ya saba, ile ya mwisho iitwayo Mengineyo, ambapo mtu yeyote anaweza kusema lililobaki rohoni mwake. Kwa kawaida hakuna anayesema kitu, kila mtu yuko mbioni kwenda nyumbani.

"Na mimi nitakaa wapi?"

Sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa nzito na ya polepole, na ilichukua muda kufika, kama mtu anayeongea akiwa ameinama ndani ya pipa.

Meya alikuwa anakusanya karatasi zake, hakuinua hata macho. Alidhani ni Hoja, diwani mmoja mcheshi aliyepachikwa jina hilo kwa kuwa kila dakika alisimama na "hoja ya utaratibu". Huyo hakuwahi kumaliza kikao bila utani.

"Kwa Karani," Meya akajibu. "Kaa kwa Karani mpaka baraza likupatie kiwanja."

Ukumbi mzima ukacheka. Hoja mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, akidhani leo kuna mwenzake aliyemzidi kete. Na Karani, kichwa chini, akaandika. Ndivyo alivyofundishwa na karani aliyemtangulia, mama mmoja wa subira aliyekaa naye wiki tatu pale mezani bila kumfokea hata mara moja: andika yote yanayosemwa, mwanangu, kuchagua si kazi yetu. Kwa hiyo aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: *Mjumbe aliuliza atakaa wapi. Meya alielekeza akae kwa Karani hadi atakapopatiwa kiwanja. Iliafikiwa.*

Walipoondoka alikusanya daftari la mahudhurio. Sahihi zilikuwa kumi. Mstari wa kumi na moja haukuwa na wino. Karatasi pale ilikuwa imevimba kwa maji, kama mtu kaegesha kiganja kilicholowa. Akaenda kuangalia kiti cha nyuma. Chini yake kulikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi uzi wa ukoga wa kijani ukijisokota polepole ingawa hakuna upepo uliopita.

Mvua hii, akasema, akachukua tambara akapangusa.

Alipokuwa anafunga ofisi simu ikalia. Ni diwani wa kata ya mbali, anaomba radhi. Maji yalibomoa daraja dogo la kwao tangu asubuhi, hakuweza hata kutoka nyumbani kwake.

*

Karani aliishi katika nyumba za watumishi wa baraza, nyumba ya sita, na mama mkwe wake na mtoto. Mumewe alikuwa fundi wa barabara, mwezi mzima yuko mbali kisha siku nne yuko nyumbani. Mtoto walimwita Kasuku kwa sababu ya mdomo. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na sufuria. Hata usingizini alikuwa na maneno yake.

Kesho yake mafundi walimwaga zege, na Karani alipita sokoni makusudi kuona. Pale palipokuwa na tundu palikuwa na sahani pana ya kijivu, mbichi bado, na mfagiaji amekaa pembeni na mtoto wake mgongoni mwenye plasta miguuni, wanaitazama. Mfagiaji alimshika Karani mkono kwa mikono yake miwili. Karani akarudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi.

Mlangoni mama mkwe akamwuliza, "Kwani ulimwagiza mgeni?"

"Mgeni gani, mama?"

"Hata simjui. Saa nane hivi, niko jikoni, mtu kapiga hodi. Hodi tatu, za heshima kabisa. Nikamwambia karibu, pita. Nasikia mlango umefunguka, umefungwa. Natoka na mikono ya unga, sioni mtu." Mama mkwe alipunguza sauti. "Ila sakafu ilikuwa imelowa, mwanangu. Toka mlangoni mpaka chumbani kwa mtoto."

Chumbani Kasuku alikuwa amelala usingizi wa mchana. Karani akaweka mkono juu ya kichwa chake kama alivyofanya kila siku, akautoa haraka. Nywele zilikuwa zimelowa. Si jasho. Yalikuwa maji ya baridi, na yalinuka udongo wa chini sana, ule usioona jua.

Siku za kwanza walijidanganya. Paa linavuja. Mtoto ana mafua. Lakini nyumba ile ilikuwa na bomba moja tu, nje uani, na bado kila mchana mtoto alipolala waliisikia chumbani: *to*. Kimya. *To.* Tone linaloanguka kutoka juu sana na kutua juu ya maji mengi. Na chumba chenyewe, ambacho ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku, kilianza kuwa na mwangwi. Karani akiita "Kasuku!" jina lilikwenda chini, chini, chini, kisha likarudi likiwa limepoa.

Na Kasuku akanyamaza. Hilo ndilo lililomtia Karani hofu kuliko maji. Siku ya nne mtoto alikuwa anajibu akiulizwa tu. Siku ya sita ukimwuliza unasubiri, midomo inatikisika kwanza, sauti inafuata baadaye. Aliacha kula. Alikaa sakafuni kwenye kona kati ya kitanda na ukuta, miguu imenyooka, uso umeinuliwa kama anayesikiliza hadithi ya mtu mrefu.

"Unaongea na nani, mama?" Karani aliuliza, amepiga magoti.

Midomo ikatikisika. Akasubiri.

"Babu wa maji."

"Anasemaje babu wa maji?"

"Watoto walikuwa wanamwita. Wanachungulia, wanamwita, anawaitikia. Sasa hawamwiti. Wamemfunika." Mtoto alimtazama mama yake kwa upole, kama mtu mzima anayempa mwenzake pole. "Analia, mama. Anasema Alhamisi atakuwa mwenyeji. Akiwa mwenyeji nitakwenda naye, akanionyeshe kwao chini."

Karani alimkumbatia. Mwili wa mtoto ulikuwa baridi kama mtungi.

Alhamisi. Hakuhitaji kuambiwa kwa nini Alhamisi. Siku hiyo baraza lingekaa tena, na jambo la kwanza katika kila kikao ni kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Zinasomwa ukurasa kwa ukurasa, aliye na marekebisho anasema, kisha Meya anaweka sahihi. Kabla ya sahihi ni maneno ya karani tu. Baada ya sahihi ni uamuzi wa baraza la jiji, na hata karani aliyeuandika hawezi kugusa nukta.

*

Mama mkwe alimleta Fundi Cherehani. Mwanamke huyo alishona sare za shule mtaa wa pili, na watu walimwita pia kwa mambo ya namna hii, ingawa hakupenda kutangazwa. Alikuja saa tisa alasiri, jua linawaka, na futi yake bado shingoni. Alivua viatu mlangoni, akasimama, akanusa.

"Mtoeni mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Nyote kaeni nje."

Walikaa kwenye ngazi, mtoto mapajani. Wakamsikia Fundi akisalimia, akinong'ona maneno yake, akipandisha sauti kidogo: toka, hapa si kwako. Kisha sauti ile nyingine, ya polepole, inaongea kwa muda mrefu bila kukasirika.

Fundi alitoka, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Mikono yake, ambayo ilijulikana mtaa mzima kwa kutunga uzi kwenye sindano bila kutazama, ilikuwa imeng'ang'ania futi kama kamba.

"Binti yangu, wewe unafanya kazi gani?"

"Karani wa baraza."

"Basi ndiyo hiyo." Akavuta pumzi. "Mimi nimezoea kuwaambia, toka, hukualikwa. Wanapiga kelele, wanatukana, wanatoka. Huyu hakupiga kelele. Aliniuliza, nani kasema sikualikwa? Akanisomea. Neno kwa neno. Tarehe, saa, agenda ya saba, 'iliafikiwa'. Akaniambia, nilikuwa na kwangu, wakapafunika, nikauliza, nikapewa jibu, nikapiga hodi, nikakaribishwa." Akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa ameziba mdomo kwa kanga. "Mimi nafukuza wavamizi, dada. Mpangaji halali siwezi kumfukuza. Kaingia kwa maandishi, atatoka kwa maandishi."

Alikataa kupokea chochote. Alipofika njiani akarudi, akavua futi yake shingoni, akamfunga Kasuku kiunoni akimpapasa. "Imepimia watoto wengi hii," alisema. "Haitamfukuza, lakini mtoto ajue kuna mtu kamfikiria."

Jioni ile Karani alirudi ofisini, akachana ukurasa wa saba, akaandika mwingine bila ile mistari mitatu, akaupiga pini mahali pake. Asubuhi ukurasa mpya ulikuwa na mistari yote mitatu kwa mwandiko wake mwenyewe wa kulala, na karatasi ilikuwa mbichi.

"Basi usifute, badilisha," mama mkwe alimnong'oneza jikoni siku ya kumi, mtoto akiwa hajafungua mdomo tangu juzi yake. "Umeandika wewe 'Karani'. Andika nyumba nyingine. Nyumba za baraza zipo ishirini, mwanangu. Andika namba yoyote."

Karani alichukua kalamu. Hata leo anakumbuka kwamba aliichukua. Nyumba ya tisa, dereva wa gari la taka, ana mapacha. Siku Karani alipojifungua ndiye aliyempeleka hospitali na gari lile lile, madirisha wazi, akiimba ili asisikie uchungu. Nyumba ya kumi na nne, mama wa masijala, hana mtoto, lakini ndiye anayewachania nywele watoto wa wengine Jumapili. Nyumba ya kumi na saba, mzee wa mita za maji, asiyeongea na mtu. Lakini kila mara alipopita alisukuma kando jiwe lililokaa kwenye kona ya njia lisije likamkwaza mtu. Alipita nyumba zote ishirini kichwani, na katika kila moja alikuta mtu aliyemtendea jema asilolikumbuka mwenyewe. Akaweka kalamu chini, akalia bila sauti ili mtoto asisikie.

*

Siku moja kabla ya kikao alikwenda kwa Meya. Alisimama mbele ya meza na kusema yote, toka kuhesabu mpaka futi kiunoni.

Meya alianza kwa kucheka. Kisha akaona uso wa Karani, akaacha.

"Mama Kasuku. Unataka niwaambie madiwani kwamba tulikuwa kumi?"

"Ndivyo tulivyokuwa, mheshimiwa."

"Tukiwa kumi hakuna akidi. Hakuna akidi, hakuna kikao. Hakuna kikao, basi kisima hakikufunikwa kwa amri ya mtu." Alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee. "Lile zege litavunjwa. Unajua watoto wangapi wanacheza pale?"

"Najua."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, mheshimiwa. Mimi nina mmoja tu, na anakwenda. Lakini sikuja kuomba kifunguliwe. Nimekuja kwa sababu sina pengine pa kulia."

Meya aliinuka. Alimsogezea kiti na bilauri ya maji, kisha akayatazama yale maji kwenye bilauri, akayaondoa.

"Mlete mtoto kesho," alisema. "Asibaki nyumbani peke yake na... asibaki."

*

Alhamisi haikuwa na mvua. Jua liliingia madirisha yote, vumbi linacheza hewani, na madiwani walikuja wote ishirini, wasafi, wamenyoosha mashati. Karani aliwahesabu mara tatu. Mara zote tatu walikuwa ishirini na mmoja. Hakuandika.

Kasuku aliketi kwenye mkeka mdogo kando ya meza ya mama yake, macho wazi, hapepesi.

"Huyu naye diwani wa wapi?" Hoja alitania akimpita. "Mbona anatuzidi nidhamu? Mama, huyu tumpe ukatibu!" Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto kwa mapenzi, akakitoa, akakitazama, akajipangusa kwenye suruali. Hakuongeza utani mwingine.

"Agenda ya kwanza," Meya alisema. "Kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Ukurasa wa kwanza."

Kimya.

"Wa pili."

*To*, ikasikika kule nyuma, kwenye sakafu kavu.

"Ukurasa wa tatu."

Harufu ya udongo wa chini ikaanza kuingia, na diwani mmoja wa mstari wa tatu akatoa leso akaziba pua, mwingine akanyanyua viatu vyake akatazama soli, na Kasuku akasimama. Karani alinyoosha mkono kumshika na mkono wake ukashika hewa baridi, kwa maana mtoto alikuwa ameshapiga hatua. Alitembea kati ya viti kwa hatua za mtu anayeitwa na anayemjua, polepole, futi ya Fundi inaburuta nyuma yake kama mkia. Na Karani alitaka kumwita lakini koo lilikuwa limejaa kitu kizito kama maji ya kunywa kwa pupa, akasikia Meya anasema ukurasa wa nne, akasikia anasema wa tano, akamwona mwanawe anapita mstari wa pili, wa tatu, anaingia kwenye kivuli cha nguzo ambacho leo kilikuwa kirefu kuliko nguzo yenyewe, na pale penye kiti cha mwisho mtoto akainua mkono wake wa kulia juu, juu kabisa, kama mtoto anavyoinua mkono kumpa mtu mrefu aushike, na mkono ukashikwa. Vidole vyake vidogo vilijikunja kuzunguka kitu ambacho hakikuwepo, na maji yakaanza kutiririka kwenye kiwiko chake.

"Wa sita," alisema Meya, na sauti yake ilikuwa kama karatasi. Alikuwa anaona. Wote sasa walikuwa wanaona. "Ukurasa wa saba."

Akaweka kalamu mezani.

"Ukurasa wa saba una marekebisho," alisema. "Ni yangu mimi. Palipoandikwa kwamba mjumbe akae kwa Karani. Karani hakusema neno hilo. Nililisema mimi, bila kumtazama aliyeniuliza, na mtu akiuliza atakaa wapi anastahili kutazamwa." Akainua uso, akautazama moja kwa moja ule mwisho wa ukumbi, na jasho likamtoka. "Mzee wangu, tumekufunikia nyumba kwa sababu ya watoto. Hiyo hatuwezi kuirudisha. Ila mimi nina nyumba ya vyumba vinne, naishi peke yangu. Isomeke: akae kwa Meya. Na hayo ya kusubiri kiwanja yafutwe."

Marekebisho hayawi marekebisho mpaka diwani mwingine ayaunge mkono. Karani alijua hivyo kuliko wote, na alikuwa amezuiwa na kanuni kusema lolote. Alitazama mstari wa mbele, wakatazama meza. Wa pili, wakatazama madirisha. Kule nyuma mtoto wake alikuwa ameanza kuinama, kidogo kidogo, kama anayechungulia ukingoni.

"Naunga mkono," ilisema sauti nyembamba. Ni Hoja, amesimama, kashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. "Hoja ya utaratibu, mheshimiwa. Muulize kama anakubali."

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," walisema watu ishirini. Na baada ya kitambo, kutoka chini sana, ikaja moja zaidi.

Karani alikata neno 'Karani' na yale maneno ya kiwanja, akaandika 'Meya' juu yake, akasogeza karatasi. Meya akaweka sahihi.

Kule nyuma Kasuku alikaa chini kwa kishindo. Alitazama mkono wake uliolowa, akatazama watu wote wale wanaomtazama, akafungua mdomo akalia. Kilio cha kawaida kabisa, cha hasira, cha mtoto mwenye njaa aliyeamshwa, na ndani ya kilio maneno yakimwagika moja juu ya jingine: mama yuko wapi, nataka wali, futi hii inanibana, huyu mjomba kwa nini ana kipara. Karani aliruka viti. Alimnyanyua, akaweka shavu kwenye tumbo lake. Lilikuwa la moto.

Kikao kiliahirishwa. Watu walitoka haraka bila kuagana. Mlinzi wa geti alikuwa ameshakimbia, na dereva wa Meya alikuwa ameacha funguo juu ya bodi ya gari na kwenda zake.

Meya alitoka wa mwisho. Alitembea pole, akisimama kila hatua mbili, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa, na nyuma yake kwenye vumbi kavu la ua ulibaki mchirizi wa maji. Alifungua mlango wa nyuma wa gari akasubiri. Alisubiri kwa heshima, mkono juu ya mlango ili mtu asijigonge kichwa. Kisha gari likashuka upande mmoja, chini, mpaka tairi ikagusa bati. Akafunga mlango, akaingia mbele, akashika usukani.

Karani alikimbia kufungua geti, mtoto kiunoni. Alitaka kumwambia asante. Alitaka kumwambia asiende. Gari lilipompita Meya alimpungia kwa vidole viwili, uso wake mweupe kama chokaa, na kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani, na katika ukungu ule kiganja kirefu kilikuwa kinapunga pia, polepole, kwa mtoto.

"Babu anakwenda wapi?" Kasuku aliuliza.

"Nyumbani kwake, mama."

Akasukuma geti, akapiga komeo, akalivuta kuhakikisha limeshika. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na alipoona haukutetemeka, hapo ndipo alipolia.